Kungoja ajira ya serikali, kushika kazi ya mkataba au kujiajiri: ipi itakuacha ulale usingizi?

Umemaliza chuo. Vyeti viko kabatini ndani ya bahasha ya kaki, na kila ukitoka nje unakutana na swali lile lile: "Siku hizi uko wapi?" Mara nyingi anayeuliza anajua kabisa kwamba uko nyumbani. Ushauri mwingi wa kuchagua kazi hupima mshahara, marupurupu na mtaji, kisha unaishia hapo. Mimi nataka kupima mambo mawili ambayo ndiyo hasa yanayomkesha mhitimu: hofu ya kesho na macho ya watu.

Namwandikia kijana wa Tanzania mwenye stashahada au shahada, pengine na deni la Bodi ya Mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu juu yake, aliyesimama mbele ya njia tatu hizi. Msimamo wangu nautaja mapema. Kila njia ina hofu yake na ina watazamaji wake, na wengi wanachagua vibaya kwa sababu wanachagua kwa ajili ya watazamaji.

Kungoja ajira ya serikali

Tutenganishe kwanza kuomba na kungoja. Kuomba ni kazi ya saa chache: unahuisha taarifa zako kwenye Ajira Portal, tovuti ya serikali ya kuombea kazi, unaandika barua, unaambatanisha vyeti vilivyogongwa muhuri wa wakili, unatuma. Kinachokula miaka ni kungoja. Tangazo linatoka, unaomba, unasubiri majina ya walioitwa kwenye usaili. Jina likionekana unatafuta nauli ya kwenda kufanya mtihani wa mchujo. Ukipita unaingia mahojiano, na kada nyingine zina usaili wa vitendo katikati. Halafu unarudi nyumbani kusubiri orodha ya waliopangiwa vituo. Waliofaulu wakazidi idadi ya nafasi huwekwa kwenye kanzidata, waitwe nafasi ikipatikana. Maana yake hata ukifaulu unaweza kuongezewa kungoja kwingine.

Ugumu wa hofu hii ni kwamba hakuna unachoweza kufanya leo jioni kikabadilisha jibu. Ndiyo maana mtu anafungua tovuti asubuhi, anaifungua tena mchana, na saa saba usiku bado yumo. Na orodha zenyewe ni PDF zilizo wazi kwa kila mwenye simu. Shangazi anaweza kuipata kabla yako, akaipekua, akaandika kwenye kundi la ukoo: "Mbona jina la mwanetu silioni?" Hapo hofu ya kazi na macho ya watu vimekukuta pamoja, na wewe ndiyo kwanza unaamka. Ushauri wangu katika hili ni mkali: ukiomba nafasi, ajue mtu mmoja tu unayemwamini. Ukiitwa, wengine watajua kwa wakati wake.

Kuna mambo mawili ya kweli yanayopunguza presha, na nashangaa hayasemwi vya kutosha. La kwanza ni umri. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira kwa kawaida yanataka mwombaji asiyezidi miaka 45. Kijana wa miaka 27 anayezungumza kama mtu aliyefungiwa geti bado ana miaka 18 ndani ya kigezo hicho. La pili ni kwamba ajira za umma zina misimu isiyohusiana kabisa na ubora wako. Mwaka 2016 serikali ilisimamisha ajira mpya ili kuhakiki watumishi, na Aprili 2017 ikatajwa orodha ya watumishi 9,932 waliokutwa na vyeti vya kughushi. Aliyehitimu kipindi kile alikaa nyumbani, awe na daraja la kwanza au la tatu. Jirani aliyemwona mvivu hakujua lolote kuhusu uhakiki huo.

Tuje kwenye pesa, maana hapa ndipo ndoto inapopishana na hesabu. Tuchukue mshahara wa Sh800,000 kwa mwezi, mfano tu. PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, asilimia 5, Sh40,000. NHIF, bima ya afya, asilimia 3, Sh24,000. PAYE, kodi ya mshahara, inayopigwa baada ya kutoa PSSSF, kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, Sh68,000. Bodi ya Mikopo asilimia 15 ya mshahara wa msingi, Sh120,000. Chama cha wafanyakazi asilimia 2, Sh16,000. Mkononi inabaki Sh532,000, kabla ya kodi ya chumba na nauli ya kituo ambacho pengine kiko mbali na kwenu.

Sisemi hivyo kuidharau ajira ya umma. Mwajiri anakuchangia asilimia 15 kwenye PSSSF, likizo unalipwa, benki inakukopesha kwa dhamana ya mshahara, na unaweza kukaa mpaka miaka 60. Kwa mtu ambaye hofu yake kubwa ni kutojua mwezi ujao atakula nini, haya yana thamani kuliko kiasi chenyewe cha mshahara. Lakini ajue anangoja nini. Anayengojea utulivu ana hoja. Anayengojea siku ya kuwafunga watu midomo anangojea kitu ambacho mshahara hauwezi kukinunua, kwa sababu siku akiajiriwa swali litakuwa "unajenga lini?"

Kazi ya mkataba na kujitolea

Hapa sitakaa sana. Kazi ya kampuni au mradi ndiyo inayonyamazisha watu haraka kuliko zote, kwa sababu inakupa jina la ofisi la kutaja na kitambulisho cha kuning'iniza shingoni. Hofu yake inakuja kwa tarehe: mkataba wa mwaka mmoja ukifika mwezi wa tisa, usingizi unapungua. Dai mkataba wa maandishi, usome kipengele cha muda wa majaribio, na ujue kwamba kinga ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 dhidi ya kuachishwa isivyo haki haimhusu mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi sita kwa mwajiri. Katika miezi hiyo usikope kwa kutegemea mshahara huo.

Kujitolea ni jambo jingine. Mwalimu anayejitolea shuleni au muuguzi anayejitolea hospitalini anabaki karibu na taaluma yake na mkono haupoi. Ila wapo wanaojitolea mwaka wa tatu kwa posho isiyofikia nauli, wanaogopa kuacha kwa sababu watu watasema "ameshindwa hata pale". Ukianza, panga na mkuu wako tarehe ya kumaliza, na siku hiyo mkae mezani mzungumze. Asipotaka kuzungumza, umeshapata jibu.

Kujiajiri

Njia hii ndiyo inayoogopesha wengi, na nadhani ndiyo inayoeleweka vibaya zaidi, kwa hiyo niruhusu nikae hapa.

Hofu ya kujiajiri ni ya kila siku. Leo kutauzika? Mvua ikinyesha? Mwenye fremu akipandisha kodi? Tofauti yake na hofu ya kungoja ni kwamba nyingi ya hofu hizi zina kitu cha kufanya. Kama uji hauuziki saa nne, unaanza saa kumi na mbili alfajiri. Kama eneo ni baya, unahama. Mtu anayeumizwa zaidi na kukaa bila la kufanya atalala vizuri hapa hata akiwa na kipato kidogo. Anayeumizwa zaidi na kutojua kiasi atakachopata hatalala, na si aibu. Watu tumeumbwa tofauti.

Macho ya watu yanauma zaidi mwanzoni kuliko katika njia nyingine yoyote. Mwenye shahada ya uhasibu akisimama nyuma ya kabati la chipsi, mteja wa kwanza anaweza kuwa aliyekaa naye dawati moja chuoni, sasa amevaa tai. Usidanganywe kwamba hiyo haiumi. Inauma. Nilichokiona kwa waliodumu ni kwamba maumivu hayo yanapungua kadiri mtu anavyojua kazi yake kwa undani.

Dada mmoja ninayemfahamu, mhasibu kwa elimu, anasindika unga wa lishe Morogoro. Alianza na ndoo mbili na mashine ya kukodi, akiwauzia akina mama waliopeleka watoto kliniki. SIDO, shirika la viwanda vidogo, walimpa mafunzo ya usindikaji na barua ya kumtambulisha TBS, shirika la viwango. Nilipenda sana jinsi anavyowajibu watu wa "siku hizi uko wapi". Hajitetei, halaumu serikali, wala hasemi "nimejishikiza tu wakati nasubiri ajira". Anasema: "Natengeneza unga wa lishe, kaka. Kwenu kuna mtoto chini ya miaka mitano?" Wengine wananunua. Wasionunua wanabadilisha mazungumzo, nalo ni jambo jema.

Angalia neno analoliacha, "nimejishikiza". Ukijitambulisha hivyo unamfundisha mwenzako akuonee huruma, na ukishaonewa huruma siku nzima jioni unaamini.

Upande wa fedha, hatari kubwa ya kujiajiri kwa kuogopa watu ni kuanza kwa ukubwa wa kuonekana. Fremu ya barabarani, bango, vioo, kodi ya miezi sita mbele, halafu bidhaa za kujaza nusu ya rafu. Pesa yote imeenda kwa wapita njia, mteja hakupata kitu. Anza na kidogo kisichompendeza mtu yeyote. Kama unahitaji mkopo, ulizia kwanza halmashauri yako: sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utaratibu huu ulisimamishwa 2023 ukarejeshwa mwaka uliofuata, na unataka kikundi na uvumilivu. Mikopo ya kausha damu, ile ya kurejesha kila siku, kaa nayo mbali. Ukiichukua utakuwa umeongeza mtu mwingine wa kumwogopa, na huyu anakuja na kufuli la duka lako.

Deni la Bodi ya Mikopo nalo halisimami kwa sababu hujaajiriwa. Aliyejiajiri anatakiwa kulipa asilimia 10 ya kipato chake kinachotozwa kodi, kisipungue Sh100,000 kwa mwezi. Kwa biashara changa kiasi hicho ni kizito. Nenda ofisini kwao ujieleze mapema, maana deni unalolikwepa linakutisha zaidi ya deni ulilokwisha kulizungumza.

Na uwe na daftari. Mauzo, matumizi, kilichobaki, kila jioni. Baada ya miezi mitatu, swali la "hivi hii kitu inalipa?" utalijibu kwa tarakimu, usisikilize kijiwe.

Watu gani, hasa?

Ukisikia mtu anashauri "usijali watu wanasema nini", muulize watu gani. Mama aliyeuza shamba la migomba ili ulipe ada si sawa na mliyesoma naye anayetazama status yako. Wa kwanza ana haki ya kujua. Wa pili anapita.

Kwa wenye haki, kaa nao chini. Wazazi wengi wa kwetu wanapigwa na ukimya kuliko wanavyopigwa na habari mbaya: wanakuona unafunga mlango, unaamka saa tano, hawajui una mpango gani. Waambie kwa maneno ya kawaida. "Mama, nafasi za kada yangu nitaendelea kuziomba zikitoka. Ila kuanzia Jumatatu naenda kwa mjomba gereji kujifunza umeme wa magari. Mwezi wa sita nitakuja nikueleze nimefika wapi." Mwezi wa sita ukifika, nenda kweli, hata kama huna cha kujivunia. Mzazi aliyepewa tarehe anapata la kumjibu jirani, na hicho kinampunguzia aibu yeye pia, maana na yeye anaulizwa.

Kwa wapitao, jibu liwe fupi na liwe la kweli. Usidanganye kwamba kuna dili linakuja. Uongo huo utaulizwa tena Krismasi.

Kuhusu wanavyokutazama, lipo jaribio moja nalipenda. Mwaka 2000 Thomas Gilovich wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, na wenzake walichapisha utafiti ambao ndani yake walimvalisha mwanafunzi fulana yenye sura ya mwanamuziki Barry Manilow, fulana ambayo kijana wa pale angeona haya kuivaa, wakamwingiza kwenye chumba chenye wenzake. Walipomuuliza, aliyevaa alikisia kwamba karibu nusu ya waliokuwemo wameiona sura ile. Walioiona hasa walikuwa karibu robo. Na hao walikuwa watu waliokaa chumba kimoja naye! Kwenye stendi ya daladala ya Mbagala, kila mtu akiwahi lake, ni wangapi wameona kwamba umebeba ndoo ya maandazi?

Mtaa wetu, hata hivyo, una macho kuliko chumba cha chuo cha Marekani, na nisingependa kujifanya kwamba hakuna anayeona. Yuko anayeona na atasema. Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji, lakini ng'ombe bado anazisikia. Kwa hiyo punguza sehemu zenye kelele. Kundi la mliosoma pamoja ambalo kila wiki kuna picha ya gari jipya, lizimie sauti. Kadi ya mchango wa harusi ikija na kima cha chini usichokiweza, toa ulichonacho au umwambie mwenye kamati faragha kwamba safari hii utasaidia kwa mikono. Nimeona watu wanakopa ili wachangie laki moja kwa bwana harusi ambaye hata namba zao hana. Hapo aibu imekuwa kodi.

Nani achague ipi

Kama umesomea kada ambayo mwajiri wake mkubwa ni serikali, mfano ualimu au afya, na unapenda kazi yenyewe, endelea kuomba bila haya, huku ukijitolea kwa muda maalumu au ukifanya kazi ya kukulisha. Kama una familia inayokutegemea leo, chukua mkataba wowote wa halali unaolipa, hata nje ya fani. Watoto hawali heshima ya cheti. Kama huna anayekutegemea na kuna kitu ambacho watu tayari wanakulipa kukifanya, hata kidogo, jiajiri sasa, kwa sababu kuanguka ukiwa na miaka 25 kunagharimu kidogo.

Hujalazimika kuoa njia moja. Shaaban Robert aliingia ukarani wa forodha mwaka 1926 na akabaki mtumishi wa ofisi za serikali kwa miongo mitatu na zaidi, huku akiandika. Mshahara wake ulikuwa wa mezani, na kazi iliyomfanya tumtaje leo aliifanya pembeni. Kwa mtu mwenye hofu ya njaa lakini ana jambo lake moyoni, mpangilio huo bado unafaa. Julius Nyerere alikwenda njia nyingine: mwaka 1955 aliacha ualimu Pugu, kazi ya heshima kwa mtu mwenye shahada ya Edinburgh, ili aitumikie TANU. Ualimu na siasa vilikuwa havikai tena pamoja, akachagua. Kuna kazi zinazokubali kuwekwa pembeni na kuna zinazokutaka mzima. Chunguza yako ni ya aina gani kabla hujaiga mtu.

Na kuna hofu ambayo hakuna kati ya njia hizi tatu itakayoiondoa. Ikiwa kwa wiki mbili mfululizo hulali, huli, huna hamu hata ya vitu ulivyovipenda, au mawazo ya kujidhuru yanakuja, hilo si suala la ajira tena. Nenda kituo cha afya useme hivyo hivyo kama nilivyoandika. Watakuhudumia au watakuandikia rufaa, na katika hospitali za Muhimbili na Mirembe wapo madaktari wa afya ya akili wanaoliona tatizo hili kila siku. Mwambie ndugu mmoja akusindikize, usiende peke yako.

Kwa aliyebaki anasitasita kati ya kungoja na kuanza: kufungua genge hakufuti akaunti yako ya Ajira Portal. Weka siku moja ya wiki ya kukagua matangazo, Jumamosi kwa mfano. Hakikisha majina kwenye vyeti, cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha NIDA yanafanana, na kama yanatofautiana shughulikia sasa kupitia kwa wakili, maana hilo huchukua muda na tangazo halisubiri. Siku sita zinazobaki ni za kazi uliyonayo.